Wateja wa Kota za Reli

Mhasibu wa kampuni ya kebo hakuwa na kiti cha kumpa mgeni. Viti vitatu vilikaliwa na mafaili, na cha nne alikikalia mwenyewe, juu ya mto alioutoa nyumbani kwake. Alitazama huku na huku, akachagua rundo la mwaka juzi, akalishusha sakafuni taratibu kama anayemlaza mtoto, kisha akapangusa kiti kwa kiganja.

"Karibu, afande."

"Mimi si afande. Natoka Mamlaka."

"Najua unakotoka," mhasibu akasema. "Ungekuwa afande ningekuogopa kidogo."

Mkaguzi aliketi. Kazini walimwita Nukta, kwa sababu faili likishaingia mikononi mwake lilikuwa limefika mwisho: alilichunguza, akalifunga, akaomba lingine. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu. Shati lake lilipigwa pasi vizuri upande wa mbele, na mgongoni lilikuwa na mikunjo ya juzi. Mwenye jicho angejua hapo hapo kwamba nyumbani hana mtu wa kumwambia ageuke.

Kabla ya kusema lolote alitazama chumba. Mafaili yalianzia mlangoni, yakapanda ukutani, yakafika dirishani na kuzuia nusu ya mwanga. Aliyajua. Mamlaka ndiyo iliyopanga bei za runinga za kebo, na kampuni haikuruhusiwa kuongeza hata senti bila kutoa sababu. Sababu zilikuwa na fomu. Kila eneo fomu yake, kila chaneli fomu yake. Nguzo zihesabiwe, waya upimwe, umeme uelezwe, tena kwa nakala nne nne, na kila ukurasa upigwe muhuri wa wakili. Makampuni makubwa yalikuwa na ghorofa nzima ya watu wa kazi hiyo. Kampuni hii ilikuwa na mama mmoja na mto wake.

"Sitazunguka," Nukta akasema. "Kuna mtu amepiga simu ya malalamiko. Sikiliza."

Aliweka simu yake mezani, akabonyeza. Ilisikika sauti ya mwanamume, imezibwa na kitambaa kama ilivyo desturi ya watu wanaodhani wao ndio wa kwanza kufikiria kitambaa. "Kampuni ya kebo inadanganya," sauti ikasema. "Kota za reli hazina watu. Wateja wanaowataja ni hewa. Njooni mwone. Msitume barua, njooni wenyewe." Nyuma yake msomaji wa taarifa ya habari alikuwa akisoma. Kisha simu ikakatwa. Laini ya malalamiko haikuwa ikihifadhi namba za wapigaji.

Mhasibu alikuwa ameshika kalamu kwa mikono miwili.

"Ombi lenu la bei mpya linasema kota za reli zina wateja kumi na wanne," Nukta akaendelea. "Mmesema kuwahudumia ni ghali kwa kuwa wako mbali, na gharama hiyo mmeigawa kwa mji mzima. Kama wateja ni hewa, mji mzima unalipia hewa."

"Na aliyekula kiapo kwamba wapo ni mimi."

"Sahihi ni yako, kila ukurasa."

"Kampuni itafungiwa?"

"Itafungiwa. Na wewe utapelekwa mahakamani."

"Nikifungwa, nitaruhusiwa kwenda na mto wangu?" mhasibu akauliza. Ulikuwa mzaha, lakini mwenyewe hakuucheka, na Nukta akayahamishia macho yake dirishani mpaka mama wa watu alipotulia.

"Umewahi kufika kota?"

"Nifike saa ngapi? Naingia hapa watoto wangu wamelala, natoka wamelala. Mume wangu anasema ana mume mwenza, anaitwa Mamlaka."

"Nani amefika?"

"Koleo, fundi wetu. Zamani alikuwa akienda kila mwezi, anakusanya malipo, anarekebisha picha. Siku hizi haendi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yenu." Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Mmeleta kanuni mpya. Kila safari ya fundi ni gharama, na kila gharama ina fomu: alikwenda wapi, alifanya nini, alitumia mafuta kiasi gani, mteja athibitishe. Nakala nne. Mimi nina mikono miwili tu. Nikamwambia Koleo, kama picha inaonekana, usiende. Nikaweka na mashine ya kupokea simu za wateja."

"Malipo je?"

"Yanakuja kwa simu. Wote kumi na wanne kutoka namba moja, imeandikwa Msimamizi wa Kota. Hawajawahi kuchelewa. Hao ndio wateja wangu bora. Hawagombi, hawakopi, hawalalamiki."

"Mteja asiyelalamika bado sijakutana naye," Nukta akasema. "Wanalipa kiasi gani?"

Mhasibu akacheka kwa mara ya kwanza. "Bei ile ile ya wakati treni zilipokuwa zikitembea. Kuibadilisha kwahitaji faili zima la eneo lile. Nikaliacha. Nasema kweli mbele ya Mungu, nililiacha kwa kuchoka. Bei ya kota haitoshi kununua hata soda."

"Na kuwakatia huduma?"

"Wakiwa chini ya kumi na wawili, naruhusiwa kufunga eneo kwa barua moja. Wakizidi hapo, ni maombi ya kufunga eneo, marundo kama haya. Wao ni kumi na wanne! Ningewakuta kumi na mmoja ningecheza ngoma juu ya meza hii."

Nukta akaandika neno moja, akalipigia mstari. Mama huyu hakuwa na faida ya kuzusha wateja wa kota. Angefurahi wasiwepo. Basi kama wateja walikuwa wa kuzushwa, kuna mtu mwingine aliyewazusha, na mtu huyo alikuwa akiwalipia kila mwezi bila kukosa.

Akapiga ile namba ya Msimamizi wa Kota. Haikupatikana.

"Unamshuku nani?"

Mhasibu alitazama ukuta uliowatenganisha na chumba cha mitambo, akashusha sauti. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nilipomzuia Koleo kwenda kota, alininunia mwezi mzima. Salamu hakuna. Sasa nikuulize, mtu anapunguziwa kazi, ananunaje?"

Lilikuwa swali zuri. Nukta akaondoka nalo.

Hakwenda kwa Koleo kwanza. Alivuka barabara, akaingia duka la kampuni kubwa, ile iliyokuwa ikiutamani mji huu siku nyingi na ambayo ingefaidika kuliko wote kama kampuni ndogo ingefungiwa. Kulikuwa na kitu kwenye ile rekodi. Alikuwa ameisikiliza nyumbani akila, mara nyingi, maana hapakuwa na mazungumzo mengine ya kuisumbua. Msomaji wa habari kule nyuma hakuwa na sauti moja. Alisema neno, kisha neno likasemwa tena, kisha tena kwa mbali, kama wasomaji wengi wanaofuatana kwenye karatasi moja. Aliyepiga simu alikuwa mahali penye runinga nyingi, zote zimewashwa.

Ukuta wa duka ulijaa runinga, kubwa na kubwa zaidi.

"Bosi, chukua hii," muuzaji akasema. "Ukiiweka sebuleni, mama watoto hatatoka nyumbani."

"Ongeza sauti."

"Ipi?"

"Zote."

Muuzaji akaongeza, wateja wawili wakaziba masikio. Mwanamke kwenye skrini alikuwa akitangaza sabuni, na alisema neno mara moja, kwa kinywa kimoja, ukuta mzima. Hakuna skrini iliyomtangulia mwenzake.

"Mnafunga saa ngapi?"

"Jua likiwa bado juu, bosi. Mtaa huu una vibaka."

Taarifa ya habari kwenye rekodi ilikuwa ya jioni. Nukta akashukuru, akatoka. Muuzaji alimfuata mpaka mlangoni, akimwambia kwamba mama watoto atamlaumu.

Chumba cha mitambo kilikuwa na joto na harufu ya vumbi lililoungua. Koleo alikuwa mtu mfupi mwenye shingo nene, na koleo lake lilining'inia kiunoni. Ilisemekana alikwenda nalo mpaka kwenye harusi yake. Ukutani palikuwa na safu ya skrini ndogo. Nukta akamwomba awashe sauti ya zote. Nazo zilisema kwa kinywa kimoja.

"Zinatoka mtambo mmoja," Koleo akasema. "Zitaachanaje?"

"Zingeachana lini?"

"Mimi fundi, si mtabiri."

"Basi nijibu kama fundi. Ving'amuzi vya kota ni vya aina gani?"

"Mchanganyiko. Kuna vya zamani, vya zamani sana, na marehemu."

"Marehemu wanachelewesha sauti?"

Mkono wa Koleo ulikwenda kiunoni, ukalishika lile koleo. "Vinaweza kuchelewa kidogo. Kila kimoja na uzee wake."

"Nasikia ulinuna ulipozuiwa kwenda."

"Nani kasema?"

"Ulinuna au hukununa?"

"Mtu ana haki ya kununa."

"Kota kuna nini, fundi?"

"Kuna wateja kumi na wanne. Wanalipa, picha inaonekana, imekwisha." Akageukia mitambo, akaanza kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea. Kisha akasema bila kugeuka, "Ukitaka kwenda, nenda mchana, ndugu yangu. Jioni barabara ya kule si nzuri."

Katika miaka yake yote ya kazi Nukta alijifunza jambo moja: mtu akikupangia saa ya kwenda, nenda saa nyingine. Akasubiri jua lishuke.

Barabara ya kota ilikuwa nzuri tu. Haikuwa na mtu wala gari. Reli zenyewe zilikuwa zimemezwa na majani, na kwenye jengo la stesheni saa ya ukutani haikuwa na mishale. Nyuma yake ndipo zilipokuwa kota, safu mbili za nyumba zinazotazamana, zote za umbo moja, zote za rangi moja iliyopauka. Waya wa kebo ulipita juu ya nguzo na kutoa tawi kwa kila nyumba.

Nukta alizipita moja moja. Milango ilikuwa na makufuli. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Hapakuwa na kamba ya nguo, wala kuku, wala kiatu cha mtoto kilichosahaulika. Aliyepiga simu alisema kweli: watu hawakuwapo. Lakini Nukta aliinama kwenye kibaraza cha kwanza, akapitisha kidole sakafuni, na kidole hakikupata vumbi. Kibaraza cha pili vivyo hivyo. Akagusa kufuli. Lilikuwa limetiwa mafuta.

Nyumba tupu mwaka baada ya mwaka, na vibaraza vimefagiliwa leo.

Akajiweka kwenye benchi la stesheni, mahali pasipoonekana kwa urahisi, akangoja. Giza lilipoanza kuingia, alisikia funguo.

Alikuwa mzee, amevaa koti la reli lenye vifungo visivyolingana, na mkononi ana pete kubwa ya funguo. Alikwenda haraka, kama mtu anayechelewa treni. Akafika mlango wa kwanza, akasimama wima.

"Hodi!" akaita.

Akangoja. Nyumba haikujibu. Alingoja kiasi ambacho mtu mwenye adabu angengoja, ndipo akafungua kufuli na kuingia. Dirisha likaingiwa na rangi ya buluu ya runinga. Mzee akatoka, akavuka njia, akasimama mlango wa pili.

"Hodi!"

Alipiga hodi nyumba zote, moja baada ya nyingine. Kila mlango alingoja, na kila mlango alijifungulia mwenyewe. Madirisha yakawaka upande huu na upande ule, mpaka mtaa mzima ukaonekana una watu waliokwisha rudi kazini na sasa wamekaa na jamaa zao. Kisha muziki wa taarifa ya habari ukaanza. Ulianza nyumba ya kwanza, ukarudiwa ya pili, ukadakwa ng'ambo, na msomaji akasema "hamjambo" mara nyingi, moja nyuma ya nyingine, kwa mtaa usio na wa kuitikia.

Nukta alitoa simu, akaiweka sikioni, akasikiliza rekodi yake kwa sikio moja na mtaa kwa sikio la pili. Hazikuwa na tofauti. Alikuwa amepata alichokitafuta, na kwa kawaida wakati kama huo hufurahi. Hakufurahi. Alikuwa mpweke, tena alijua kwamba upweke ule hakuukuta kota, alikuja nao.

Nyumba ya mwisho ndiyo iliyokuwa na mlango wazi. Nukta akasimama kibarazani.

"Hodi."

Ndani kitu kilianguka.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Mgeni. Hodi, mzee."

"Karibu," mzee akasema, na neno lilimtoka kwa shida, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Kisha akalisema tena vizuri zaidi. "Karibu! Karibu ndani, pita, usivue viatu, pita."

Alikuwa anapangusa kiti kilichokuwa safi. Alijieleza haraka haraka: alikuwa mgeuza njia za treni na mwasha taa za ishara, ndiyo maana majirani wakamwita Babu Taa, na ndivyo hata Koleo alivyomwita. Mke wake alikuwa amekufa kabla treni hazijafa. Mezani palikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili vilivyofunikwa kwa kitambaa.

"Unaishi na nani, mzee?"

"Peke yangu."

"Mimi natoka Mamlaka. Nimekuja kwa ajili ya malalamiko kuhusu wateja wa hapa."

"Ahaa," Babu Taa akasema, akajitahidi kushangaa. "Malalamiko! Watu wana maneno."

"Wewe ndiye Msimamizi wa Kota?"

"Ndiye mimi. Simu yangu betri imekufa, inawaka ikiwa kwenye umeme tu. Unaona, mwanangu, treni zilipokoma, wenzangu waliondoka mmoja mmoja. Kila mmoja akaniachia ufunguo. Babu Taa, tutunzie, treni zikirudi tutarudi. Wakaacha na runinga zao. Nikasema, wakirudi wakute nyumba baridi? Koleo akaniambia tukipungua chini ya kumi na wawili tutakatiwa. Basi nikawalipia. Bei yenu ni ndogo, pensheni yangu inaitosha. Nawasha jioni, nazima nikienda kulala. Nyumba ikisikia sauti za watu, haibomoki."

"Unalipia nyumba kumi na tatu zisizo na mtu."

"Zina wenyewe. Hawajafika tu."

Nukta hakubisha. Alifunua kile kitambaa, akatazama vikombe. Vyote viwili vilikuwa vimeoshwa, na vyote vilikuwa na kijiko.

"Unaishi peke yako, na vikombe ni viwili."

"Mgeni hana miadi."

"Tangu lini unaandaa viwili?"

"Tangu nilipopiga..." Babu Taa akasema, akaishia hapo. Mdomo ulikuwa umekwisha kukiponza kichwa. Akaketi kitandani, na pete ya funguo ikalia magotini pake.

Nje, wasomaji wa habari waliendelea kufuatana.

"Ulijishitaki mwenyewe," Nukta akasema. "Kwa nini?"

Mzee alipojibu, hakuonekana kuona haya, alionekana kuchoka.

"Koleo alikuwa akija kila mwezi. Anakaa hapo ulipokaa. Anakunywa chai, ananieleza mji unavyokwenda, mtoto wake anavyokimbia shule, mke wake anavyomsema. Tunacheka. Halafu akaacha. Nikapiga simu kampuni, nikasema picha mbaya. Mashine ikapokea. Ikaniambia, zima, ngoja, washa. Nikazima, nikangoja, nikawasha. Picha nzuri! Sasa nifanyeje na picha nzuri? Wahenga walisema upweke ni uvundo, mwanangu. Mimi nilianza kunuka." Akanyoosha kidole kwenye runinga. "Siku moja mkatangaza humo humo. Ukiona udanganyifu, toa taarifa, na afisa wa Mamlaka atafika mwenyewe. Atafika mwenyewe. Nikasema, alaa, kumbe kuna mtu ambaye ni lazima aje."

"Unajua kuna mama mjini anaweza kufungwa?"

Babu Taa akainua kichwa. "Mama gani?"

"Mhasibu wa kampuni. Amekula kiapo kwamba wateja wa hapa wapo. Ana watoto. Tangu asubuhi anangoja nimwambie kama atakwenda jela."

"Jela?" Mzee akasimama, akakaa, akasimama tena. "Kwa ajili ya kikombe cha chai? Mimi nilidhani utakuja, utakuta runinga zote zinawaka, utasema mlalamikaji ni mwongo, utakunywa chai, utaondoka. La haula! Andika jina langu. Andika kwamba nimesema uongo. Nipeleke mimi, mimi sina anayeningoja."

"Hukusema uongo. Watu hawapo kweli."

"Basi afanyweje yule mama?"

"Chukua funguo," Nukta akasema. "Twende."

Waliingia nyumba zote. Babu Taa alipiga hodi kila mlango kwa mazoea, na Nukta akasubiri naye. Katika kila nyumba Nukta aliangalia runinga, akaangalia king'amuzi, akasoma namba yake na kuilinganisha na orodha yake. Katika kila nyumba kulikuwa na kiti kimoja kilichoelekezwa kwenye skrini na kufutwa vumbi. Nyumba moja ilikuwa na alama za penseli ukutani, mtoto alipokuwa akipimwa urefu, na Babu Taa alitaja jina la utani la mtoto huyo na kusema lazima sasa ana mtoto wake. Alijua kila nyumba nani alipenda kukaa wapi.

Waliporudi, Nukta alisimama kibarazani, akampigia mhasibu. Simu ilipokelewa kabla haijaita vizuri.

"Kanuni zetu," akamwambia, "zinasema mteja ni nyumba yenye chombo kinachopokea matangazo, na iliyolipiwa. Hazisemi popote kwamba lazima awepo mtu wa kutazama. Nimevikagua vyombo vyote. Vinapokea. Vimelipiwa. Wateja wako wapo, mama. Wote kumi na wanne."

Mhasibu akauliza, "Umewaona?"

"Nimewaona."

"Wakoje?"

"Wametulia sana."

Akasikia akilia, au akicheka. Kwa simu ni vigumu kujua. Kwa nyuma mtoto aliuliza mama ana nini. Mhasibu alikuwa nyumbani mapema, labda kwa mara ya kwanza mwaka huu. "Na aliyepiga simu ni nani?" akauliza baadaye. "Ni Koleo?"

"Mlalamikaji hatajwi. Ila Koleo msalimie kesho. Hakununa bure."

Alirudi ndani. Chai ilikuwa imemiminwa kwenye kikombe kimoja tu. Babu Taa alikuwa amekifunika kile kingine kwa kitambaa.

"Amepona?"

"Amepona."

"Mungu mkubwa." Mzee akasukuma kikombe kilichojaa kuelekea kwa mgeni. "Kwa hiyo limekwisha."

"Limebaki kufungwa."

Nukta alifungua mkoba, akatoa karatasi ya mwisho. Alikuwa ameijaza mara nyingi kiasi kwamba mkono wake uliijua njia. Chini kabisa palikuwa na viboksi viwili. Cha kwanza kilisema shauri limefungwa. Cha pili kilisema shauri linaendelea kufuatiliwa na afisa katika eneo husika, pamoja na mstari wa kutoa sababu. Katika miaka yake yote hakuwahi kukigusa cha pili. Babu Taa alikaa wima kitandani, mikono magotini, anatazama kalamu. Hakuomba kitu.

"Mzee, picha ya hapa kwako ikoje?"

"Nzuri sana." Kisha, kwa haraka, "Sitaki tena kusema uongo, mwanangu. Ni nzuri."

Nukta akainuka. Akaenda nyuma ya runinga, akainama kwa shida ya miaka yake, akaushika waya wa kebo pale ulipoingilia, akaulegeza nusu mzunguko. Msomaji wa habari akakatika vipande, uso ukawa na mistari, sauti ikakwaruza.

"Mbaya," Nukta akasema.

"Lakini ume..."

"Naiona kwa macho yangu. Mbaya sana." Akarudi mezani, akaweka alama kwenye kiboksi cha pili, na kwenye mstari wa sababu akaandika kwamba picha inachezacheza. "Safari ya fundi ikiagizwa na Mamlaka, kampuni haijazi fomu hata moja. Koleo atakuja kurekebisha. Kisha mimi nitakuja kukagua kama amerekebisha."

Babu Taa alimtazama, akatazama runinga iliyokuwa ikitetemeka, akamtazama tena.

"Na akiirekebisha ikapona?"

"Waya zenu zimezeeka, mzee. Zitalegea tena."

Mzee akafunua kile kikombe cha pili, akajimiminia. Alimimina mpaka chai ikamwagika kwenye sahani, akainywa kutoka humo humo kwenye sahani. Ng'ambo ya njia hali ya hewa ilikuwa ikisomwa, nyumba kwa nyumba.

"Sasa ukija," akasema, "ita kwa nguvu. Nikiwa zile nyumba za mbele sikusikii vizuri. Utapiga hodi hapa, utadhani sipo, utaondoka."

"Sitaondoka," Nukta akasema. "Nitapiga hodi nyumba zote."